Kadi Iliyobanwa Midomoni

"Mwanangu, hii Kemia imegoma."

Mama mdogo akanigeuzia simu nijionee. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kadi ya Kemia ya Kidato cha 3B, Jumanne, kipindi cha 4, na safari yake ilikuwa Alhamisi. Akakandamiza, akasukuma kulia. Kadi tuli, ukurasa mzima ndio ukahama. Akarudia taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukurasa ukahama tena. Mara ya tatu akakawia kidogo kabla ya kusukuma, simu ikadhani anataka kunakili maneno, ikalipaka neno "Kemia" rangi ya buluu na kumwekea vile vishikio viwili vya kuchagulia maandishi.

Akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda jikoni kuangalia wali.

Hakulalamika. Ndicho kilichoniuma.

## Kwangu mbona inakwenda

Mama mdogo ni mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya sekondari wilayani Muheza. Aliyewahi kuishi na mwalimu wa taaluma anajua nyumba inavyokuwa mwezi wa kwanza. Mikondo 8, vipindi 9 kwa siku, siku 5: vipindi 360 vya kupangwa, na kila kimoja kina mwalimu asiyeweza kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Kemia inataka dabo, vipindi viwili mfululizo, ili watoto wapate muda wa maabara. Mwalimu wa Hisabati anaomba adhuhuri ya Ijumaa aachwe, anakwenda kuswali. Mwingine ananyonyesha, kipindi cha kwanza hawahi.

Nikajitolea kumtengenezea ukurasa wa wavuti wa kupangia ratiba. Kila kipindi kadi, kila nafasi kisanduku, unaburuta kadi unaiweka unapotaka. Wiki 3 za jioni na Jumapili. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza mno: unaishika kadi kwa kipanya, inapauka kidogo, visanduku vinawaka kijani inapopita juu yake, unaachia, inatua. Niliwaonyesha wenzangu kazini, mmoja akapiga mluzi.

Kwenye simu sikuwa nimeijaribu hata mara moja. Naandika hivi kwa aibu, maana mimi mwenyewe intaneti nimeijulia kwenye simu, na mama mdogo kompyuta hana.

Njia niliyoitumia ni ile iliyomo ndani ya vivinjari vyenyewe. Unakiandikia kipengele `draggable="true"`, halafu kivinjari kinakurushia matukio: `dragstart` mtu anapoanza, `dragover` kitu kinapopita juu ya kingine, `drop` anapoachia. Ukisoma hivyo unaona mteremko. Ukishika kazi unakuta kila kisanduku kimezaliwa kikikataa wageni, na ili kikubali lazima kwenye `dragover` uite `preventDefault()`, yaani umzuie kivinjari asizuie. Nilipoteza jioni nzima hapo, `drop` haiji na sijui kwa nini. Kisha nikapoteza nyingine kwa `dragleave`, ambayo hulia kwamba kadi imeondoka kwenye kisanduku, kumbe imepita tu juu ya maandishi yaliyomo ndani ya kisanduku hichohicho. Kijani kikawa kinawaka na kuzimika kama taa ya Krismasi.

Ukiijua historia yake unaelewa. Tabia hii ilianzia Internet Explorer 5 ya Microsoft, mwaka 1999. Miaka ya baadaye Ian Hickson, mhariri wa HTML5, yaani kanuni za lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, aliichunguza ilivyokuwa ikifanya kazi mle na kuiandika iwe kanuni ya wote, na vituko vyake vikaja navyo. Mwaka 1999 kipanya kilikuwa mfalme. Simu za mguso zilipokuja, vivinjari vyake kwa miaka mingi havikuijali kanuni hii, na vilipoanza kuijali vikataka kwanza ukandamize na kusubiri.

Kidole gumba cha mama mdogo hakikuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Wala yangu.

## Jaribio la pili

Nilirudi Tanga mjini na hasira za kitaalamu. Nikafuta yote, nikaanza upya kwa zile zinazoitwa Pointer Events, ambazo hazijali kama kinachogusa ni kipanya, kalamu au kidole: `pointerdown`, `pointermove`, `pointerup`. Kadi unaisogeza mwenyewe kwa hesabu, kivinjari kinakupa tu kidole kiko wapi.

Tatizo la kwanza: ukisukuma kidole, simu inadhani unataka kushusha ukurasa, inakunyang'anya mguso kwa tukio la `pointercancel` na kukuacha umeduwaa. Dawa yake ni mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa: `touch-action: none`. Nikauweka kwenye kadi zote, nikafurahi kwa dakika 5 hivi. Kwa kuwa kadi ndizo zimejaa skrini nzima, hapakubaki hata sehemu ya kugusa ili ushushe ukurasa. Nilikuwa nimeigeuza ratiba kuwa picha ya ukutani.

Basi nikaweka kishikio, vinukta sita pembeni mwa kila kadi, na agizo lile nikalihamishia hapo peke yake.

Tatizo la pili lilinichekesha baada ya kunitesa. Ili kujua kadi imefika juu ya kisanduku kipi, unakiuliza kivinjari: kwenye nukta hii pana nini? Kinaitwa `elementFromPoint`. Kila nikiuliza, jibu ni "pana kadi." Naam, pana kadi, nimeishika mimi! Ilibidi niifanye kadi inayoburutwa isionekane na miguso, kwa `pointer-events: none`, ndipo kivinjari kikaweza kuona kilicho chini yake.

Tatizo la tatu: Jumanne na Alhamisi hazienei pamoja kwenye skrini ya simu. Kwa hiyo kadi ikifika ukingoni, ukurasa lazima ujisogeze wenyewe, tena si haraka mno, tena si polepole mno.

Mistari 400 na ushee ya msimbo baadaye, ikakubali.

Jumamosi nikapanda basi la Muheza. Mama mdogo akashika vile vinukta sita, akaburuta, kadi ikafuata kidole. Nikasubiri sifa.

"Sasa inatoka," akasema. "Lakini inachosha."

Nikamwangalia vizuri. Kidole gumba kilikuwa kinafunika kisanduku alichokitaka, kwa hiyo kila akikaribia alikuwa anainamisha kichwa kuchungulia pembeni ya ukucha. Alikuwa anakandamiza kwa nguvu, kama vile kadi itamponyoka. Bega la kulia, lililoandika ubaoni miaka 27, lilikuwa limepanda juu hadi karibu na sikio. Katikati ya safari moja simu ikaita, kadi ikarudi Jumanne.

## Kopo la biskuti

Nilimwuliza, bila kufikiri sana, zamani alikuwa anapangaje.

Akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti la bati. Ndani kulikuwa na vipande vya kalenda kuukuu, amevikata kwa mkasi sawa kwa sawa, upande mweupe ndio alioandika. Kila somo na wino wake: Kemia nyekundu, Kiswahili kijani, Hisabati nyeusi. Akakunja jamvi, akavitandaza sakafuni kwa mistari, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kasi iliyonionyesha kwamba ubao anao kichwani.

Kisha akaanza kunionyesha tatizo la 3B.

Akaokota kipande cha Kemia. Akaangalia Alhamisi. Pamejaa. Akataka kuokota na kipande cha Jiografia, lakini mkono wa kushoto alikuwa ameegemea sakafu. Basi kile cha Kemia akakibana kwa midomo. Akaendelea kuongea nami hivyohivyo, maneno yakitokea pembeni, kipande chekundu kikicheza mdomoni. Jiografia akaihamisha. Akakaa kimya muda mrefu. Akamwita binti yangu mdogo aache kuchezea mlango. Akakumbuka jambo kuhusu mwalimu wa Fizikia, akabadilisha vitu viwili vingine. Ndipo akakitoa kipande midomoni, akakipangusa kwenye khanga, akakiweka.

Kati ya kuokota na kuweka zilipita kama dakika 4.

Hakuna alichokiburuta.

## Neno lenyewe

Neno hili lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Kwenye programu zilizotafsiriwa tunaambiwa "buruta na udondoshe," nami nimelitumia miaka yote bila kulisikia. Hebu lisikilize. Kuburuta ni kazi ya gogo, gunia na mbuzi asiyetaka kwenda. Unaburuta kitu kilichokushinda kubeba. Na kudondosha ni ajali. Simu imedondoka, sahani imemdondoka, machozi yanadondoka. Hakuna anayedondosha kikombe mezani kwa kupenda, kikombe kinawekwa.

Kwa hiyo tunamwambia mtu: likokote hili kama gogo, kisha likuponyoke.

Najua tafsiri ni tafsiri, na neno la Kiingereza nalo halina adabu zaidi. Najua pia kuna mikono inayosukuma: nenda kijiweni kwenye drafti, uone vizibo vya soda vinavyosukumwa kwa kidole kimoja bila kunyanyuliwa, mpaka ubao umechubuka njia. Lakini drafti ni hatua moja. Kizibo kinakwenda chumba cha jirani, na mchezaji ameshafikiri kabla hajakigusa. Kwenye bao ni kinyume: unachota kete, unazishika mkononi, na mkono uliojaa kete unaweza kusimama hewani huku mwenyewe anahesabu na watazamaji wanamkera.

Ratiba ya mama mdogo ni bao. Mimi nilikuwa nimemjengea drafti.

Na kuburuta kwenye skrini kuna sharti ambalo hata drafti haina: usiachie. Kuanzia unapogusa hadi unapofika, kidole kiko kazini. Ukipumzika, umeamua. Hakuna midomo ya kubania.

## "Kwa nini nisiguse tu?"

Alisema yeye, wakati anarudisha vipande kopo­ni, wala hakuonekana kama anasema jambo kubwa.

"Kwa nini nisiguse hapa, halafu niguse pale?"

Nikamjibu kwamba inawezekana lakini haitapendeza. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimebeba mistari 400 ya jasho kwenye mkoba, na mtu ananiambia mguso mmoja na mguso mwingine. Kitu ambacho ningeweza kukiandika wakati maji ya chai yanachemka!

Wiki mbili nilizunguka na swali hilo. Nikiwa kwenye daladala naliona. Nikiwa kwenye kikao cha kazini mtu anaeleza bajeti, mimi naona kipande chekundu kinacheza mdomoni. Nilichokuwa nakitetea hasa ni nini? Si mama mdogo. Nilikuwa natetea ule mluzi wa mwenzangu.

Usiku mmoja nikaandika hivi:

```
let mdomoni = null;

ratiba.addEventListener('click', (tukio) => {
  const kadi = tukio.target.closest('.kadi');
  const kisanduku = tukio.target.closest('.kisanduku');

  if (!mdomoni && kadi) {
    mdomoni = kadi;
    return;
  }
  if (mdomoni && kisanduku) {
    kisanduku.append(mdomoni);
    mdomoni = null;
  }
});
```

Huo ndio moyo wake. Bado palihitajika mambo ya pembeni: kuhifadhi, kubadilishana nafasi kisanduku kikiwa na mtu. Lakini tazama ulichopata bure. Ukiigusa kadi uliyoiokota kwa mara ya pili, inarudi ilipokuwa. Ukurasa unashuka na kupanda kama kawaida, kwa sababu kidole hakina mzigo. Simu ikiita, pokea.

Na kuna kubwa zaidi, ambalo sikuliona mpaka nilipoanza kuitumia mwenyewe. Kadi ikiwa kwenye kidole, mtu ana haraka. Ikiwa midomoni, programu ina muda wa kumsaidia kufikiri. Nikaweka ufito chini ya skrini: "Umeshika Kemia, 3B. Gusa unapotaka kuiweka." Visanduku ambavyo mwalimu wa Kemia yuko darasa lingine vikafifia. Vilivyobaki wazi vilikuwa 6. Mama mdogo, ambaye siku ile sakafuni alitumia dakika 4 kuvitafuta, aliviona kwa kutupa jicho.

Mambo haya ungeweza kuyafanya hata kwa kuburuta, kweli. Ila kidole kingekuwa kimeyafunika.

## Kanuni niliyoichelewa

Nilipokuja kusoma, nikakuta wenzetu wameshaliandika. Mwongozo wa upatikanaji wa wavuti wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, toleo la WCAG 2.2 lililotoka tarehe 5 Oktoba 2023, una kifungu cha 2.5.7: chochote kinachofanyika kwa kuburuta lazima kiwezekane pia kwa miguso ya kawaida bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiyo kazi yenyewe, kama kuchora kwa mkono. Ni ngazi ya AA, ile ambayo taasisi nyingi huitaja zinapodai tovuti iwe rafiki kwa wote.

Na mwaka 1991, kabla wengi wetu hatujaona kompyuta, Scott MacKenzie, Abigail Sellen na William Buxton walichapisha utafiti wao wa kulinganisha kipanya, kalamu ya kompyuta na kile kifaa cha mpira wa kuviringisha, kwa kazi mbili: kulenga na kuburuta. Kuburuta kulikuwa kwa polepole zaidi na makosa yakaongezeka. Hao walitumia vifaa vya mezani, si gumba la mwalimu kwenye simu yenye ufa.

Mama mdogo hakuwa amesoma chochote kati ya hivyo. Sijamwambia pia, atajivuna.

## Kipanya cha ofisini

Hata hivyo ubishi haukunitoka. Mguso-na-mguso niliuweka kwa simu tu. Kwenye kompyuta, nikajiambia, kuburuta kubaki, kompyuta ina kipanya.

Kompyuta ya ofisi ya walimu ina kipanya kweli. Kina miaka. Kitufe chake cha kushoto kimechoka ndani, kwa hiyo hata ukikibana kwa nguvu, kuna sekunde kinajiachia chenyewe kisha kinashika tena. Kwa kubonyeza tu hujui. Kwa kuburuta ni balaa: kadi inatoka Jumatatu kwenda Ijumaa, katikati ya njia kipanya kinaachia, na kadi inatua Jumatano kwa kujiamini kabisa.

Na mimi, kwa ufundi wangu, nilikuwa nahifadhi kila badiliko papo hapo.

Jumatano ile, walimu wawili walikutana mlangoni mwa 2B, kila mmoja na daftari lake la andalio, kila mmoja na uhakika wa ratiba iliyobandikwa. Darasa likashangilia. Mmoja wao hakufurahi, na simu aliyompigia mama mdogo nilisimuliwa kwa urefu.

Tulikaa na mama mdogo usiku kwenye simu kutafuta kadi ilikotoka. Hatukujua. Kuburuta hakuachi nyayo, hakuna mahali palipoandikwa "hii ilikuwa pale." Nilikumbuka Macintosh ya 1984, ambayo njia mojawapo ya kuitoa diski ilikuwa kuiburuta hadi kwenye picha ya pipa la taka, na watu wakiogopa kwamba kazi zao zinafutwa. Mkono unafanya tendo lilelile, maana yake iko kichwani kwa aliyetengeneza.

Siku ya pili yake nikaweka kitufe cha "Tendua" na orodha ya mabadiliko 50 ya mwisho, kwa maneno: "Uraia, 2B, kutoka Jumatatu kipindi cha 2 kwenda Jumatano kipindi cha 5." Seva nayo ikafundishwa kukataa walimu wawili darasa moja. Hilo lilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza, sina cha kujitetea.

Kisha nikaufungua mguso-na-mguso kwa kompyuta pia. Na kwa vile kadi nilizifanya vitufe halisi vya HTML, na kila kisanduku kitupu nikakitilia kitufe chake, kibodi ikaja yenyewe: unatembea kwa Tab, unaokota kwa Enter, unaweka kwa Enter. Esc nikaiandikia mstari, irudishe kadi. Kipanya kilipokufa kabisa mwezi uliofuata, mtunza taaluma msaidizi alimaliza ratiba ya mitihani kwa kibodi peke yake na hakuniambia. Nilikuja kujua kwa bahati.

Vilevile nikawasha TalkBack, ile inayowasomea skrini kwa sauti wasioona, kwenye simu yangu, nikafumba macho. Inapowashwa, kidole kimoja kinakuwa cha kupapasa skrini kwanza, kwa hiyo ule ufundi wangu wa kuburuta haukunifikisha popote. Kugusa mara mbili kukaokota. Lakini sikusikia chochote, kwa sababu ule ufito wa chini ulikuwa unasema kwa macho tu. Nikauongezea `aria-live="polite"`, sauti ikanitamkia: umeshika Kemia. Zamani kulikuwa na `aria-grabbed` ya kusema kitu kimeshikwa. Iliwekwa kando na ARIA 1.1, kanuni za kuzisaidia programu za kusoma skrini, mwaka 2017, na bado nakuta mafunzo mtandaoni yanaifundisha.

## Nikaifuta, nikairudisha

Baada ya hayo nikawa kama mlokole mpya. Kuburuta nikakufuta kote, mistari 400 yote, kwa roho safi.

Ilikaa siku 3. Msaidizi wa mama mdogo, kijana mwenye kompyuta yake ya mapajani, akanitumia ujumbe: "Kaka, umeondoa ile ya kuvuta? Ilikuwa na raha."

Nilitaka kumwandikia kifungu cha 2.5.7. Nikaacha, nikafungua ukurasa mwenyewe na kujaribu kupandisha kadi kisanduku kimoja juu. Gusa, gusa. Kisha nikafungua toleo la zamani nikaivuta. Kijana alikuwa na haki. Kwa safari fupi, kwa mkono usiouma, na kipanya kizima, kuvuta kunakuonyesha jambo ambalo miguso miwili haionyeshi: kadi haitoweki hapa na kuibukia pale, unaiona njiani. (Naye amesema "kuvuta," angalia. Hakuna mtu niliyemsikia akisema kuburuta isipokuwa sisi tunaoandika vitufe.)

Nikairudisha, ila ikaingia kwa mlango wa nyuma. Msimbo wote sasa unajua vitendo viwili tu, `okota` na `weka`. Miguso inaviita hivyo, kibodi inaviita hivyo, na kuvuta nako kunaanza kwa `okota` na kuishia kwa `weka`. Kidole kikiachia mahali pasipo kisanduku, kadi inabaki midomoni, hairudi wala haianguki. Kipanya cha ofisini kingekuwa hai, kingenishukuru.

## Sekunde 30

Moja lilibaki la kubishana. Niliona si salama kadi kukaa midomoni bila mwisho: mtu anasahau, anarudi, anagusa kisanduku kwa kutaka kusoma tu, kadi inaingia. Nikaweka muda: sekunde 30 zikipita, kadi inarudi nyumbani.

Mama mdogo akapiga simu. Hata salamu haikukamilika.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba. Mbona unaninyang'anya nikiwa bado nafikiri?"

Nikamweleza habari ya usalama. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona kipande cha kalenda kikitoka midomoni mwake kikarudi chenyewe sakafuni.

Nikaufuta muda. Badala yake, ukigusa kisanduku baada ya kimya kirefu, ukurasa unauliza kwanza: "Bado umeshika Fizikia. Uiweke hapa?" Na kadi iliyoshikwa nikaihifadhi kwenye simu yenyewe, hata kivinjari kikifungwa.

Juzi nilikuwa napitia orodha ya mabadiliko kutafuta hitilafu nyingine kabisa, nikakutana na mistari miwili yake. Fizikia, 4A, imeokotwa Jumapili saa 3:12 usiku. Fizikia, 4A, imewekwa Jumatatu saa 11:40 alfajiri.

Mahali: palepale ilipokuwa.